Kigae cha Kilwa



Nimeombwa niseme machache juu ya safari, nami nitasema ya mashua. Mwaka 2018 tulikuwa wanane. Tulitweka tanga Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, kisha Songo Mnara. Katika mikoko ile meli kubwa haipiti. Mashua hupita, ikingoja maji yajae. Tuliuona Msikiti Mkuu uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, na Husuni Kubwa juu ya genge la bahari. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifu mji; dhahabu ya Sofala ndiyo iliyoutajirisha. Mwaka 1505 Wareno waliuteka.

Ufukweni niliokota kigae cha kauri ya Kichina, nikakitia mfukoni. Nahodha aliniona. Hakunikaripia, aliniuliza tu, "Mzee, wanaokuja nyuma yako wataona nini?" Niliona haya, nikakirudisha pale pale.

Vijana, magofu yale ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Nendeni mkayaone, mrudi mikono mitupu.