Vidonge vya Saratani Vinywewavyo Nyumbani



Nimeombwa niseme nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo zamani halikuwamo katika vijiji vyetu, na sasa limo. Zamani mgonjwa wa saratani alipopewa zile dawa kali za kuua ugonjwa, dawa ilitiwa katika mshipa wa mkono, mwenyewe amelala kitandani hospitalini, na muuguzi yu karibu naye akimtazama. Siku hizi ziko dawa za namna ile ile zitolewazo kwa vidonge. Mgonjwa hupewa pakiti yake katika hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam, au Bugando huko Mwanza, huitia mfukoni, hupanda gari, na kurudi kwao. Tangu saa ile ashukapo garini, yule muuguzi hayupo tena. Kazi yake imewaangukia ninyi mlio nyumbani.

Watu wengi hudhani ya kuwa sindano ndiyo dawa kubwa, na kidonge ni dawa ndogo. Dhana hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu. Nitasema hasa juu ya kidonge kimoja, kiitwacho kapesitabini, wanachopewa wenye saratani ya utumbo mpana na wenye saratani ya matiti. Asili yake ni hii. Wataalamu waliona ya kuwa uvimbe wa saratani hula kwa pupa kitu kimoja kiitwacho urasili, ambacho mwili hukitumia katika kujijenga. Basi mwaka 1957 Bwana Charles Heidelberger wa Marekani na wenzake walitangaza dawa inayofanana na urasili, lakini imetiwa sumu ndani yake, kama mtu awategeaye panya kwa unga wenye sumu. Dawa ile ilikuwa ya sindano. Mwaka 1998 kapesitabini ilikubaliwa huko Marekani, nayo ikiisha kumezwa hugeuka ndani ya mwili ikawa dawa ile ile ya mwaka 1957. Mwaona basi: kidonge hiki ni sindano ile ile iliyovaa nguo nyingine.

Na unga wa panya huliwa na kuku pia. Katika mwili wa mtu ziko sehemu zikuazo upesi ingawa hazina ugonjwa: ngozi ya kinywa, utando wa matumbo, uboho wa mifupa ufanyao damu, ngozi ya viganja na nyayo. Hizo nazo huionja sumu. Mkilishika neno hili, yote nitakayosema mbele mtayaelewa.

Kwanza kipimo. Dawa hii hukatwa kwa kila mtu kama nguo, kwa urefu wake na uzito wake, na tena hutazamwa figo zake zina afya gani. Kwa hiyo kipimo cha mama wa nyumba hii si kipimo cha mzee wa nyumba ile, hata kama ugonjwa wao ni mmoja. Vidonge vyenyewe viko vya aina mbili, vikubwa vya miligramu 500 na vidogo vya 150. Mtu aliyeandikiwa vikubwa 3 na kidogo 1 anatakiwa kupata miligramu 1650. Akivigeuza, vidogo 3 na kikubwa 1, amepata 950 tu, na ugonjwa umecheka. Tena tazameni maandiko ya juu ya bahasha. Ikiandikwa 3 x 2, maana yake ni vidonge vitatu, mara mbili kwa siku. Karani kama mimi atasema kwamba viwili mara tatu ni hesabu ile ile, jumla ni 6. Lakini mwili si daftari la karani.

Habari ya saa nayo huwapoteza watu. Dawa hunywewa asubuhi na jioni, na kati yake kama saa 12. Huenda hospitali ikaandika 8 kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa 2 ya asubuhi. Mtu wa shamba akisoma 8 atangoja hata saa 8 ya mchana, na mara ya pili itamwangukia saa 8 ya usiku, watu wote wamelala. Waalimu, hapa ndipo mahali penu: mgonjwa akija na bahasha yake, mwandikieni upya kwa saa zetu, katika karatasi kubwa ibandikwayo ukutani, yenye siku zote na mahali pa kutia alama kila aishapo kunywa. Asiyejua kusoma aweza kutia alama ya mkaa, yatosha.

Kidonge humezwa kwa maji, kizima, baada ya kula, kabla nusu saa haijapita. Si lazima chakula kiwe cha karamu. Ugali wa kila siku na mboga yake wafaa. Mwenye nia ya kufunga saumu asikate shauri peke yake, aulize kwanza hospitalini. Mtu akisahau wakati mmoja, auache upite, anywe wakati ufuatao kwa kipimo kile kile. Asinywe mara mbili kwa pamoja ili kulipa deni. Hata akitapika baada ya kumeza, asirudie.

Sasa nafika penye shida kubwa. Kwa kawaida dawa hii hunywewa siku 14, kisha mgonjwa hukaa siku 7 bila kuinywa, ndipo huanza tena. (Wengine hupangiwa namna nyingine, kila mtu na afuate karatasi yake.) Katika juma lile la kupumzika, utando wa matumbo na uboho hujijenga upya. Lakini mgonjwa ajionaye hajambo husema moyoni, Mbona nipoteze siku saba na ugonjwa u ndani? Akaendelea kumeza. Mwingine hugawa vidonge nusu nusu ili vidumu mpaka apate nauli ya kurudi. Wa kwanza ajitia hatarini mwenyewe, na wa pili aulisha ugonjwa wake usife. Kama nauli ndiyo shida, ni heri jambo hilo lisemwe wazi mbele ya jamaa na mwenyekiti wa kijiji kabla pakiti haijaisha. Nauli yaweza kuchangwa kama tuchangavyo harusi na matanga.

Wagonjwa wetu wamefunzwa uvumilivu tangu utotoni. Mtu mzima haoni vema kulalamika kwa ajili ya tumbo la kuhara. Tena vidonge hivi mara nyingine vimepatikana kwa bei ya ng'ombe, basi husema, Nivumilie nivimalize. Ndugu zangu, katika dawa hii uvumilivu wa namna hiyo huua. Mgonjwa akiharisha mara 4 au zaidi kupita desturi yake kwa siku, au akiamshwa usiku na kuhara. Akitapika zaidi ya mara moja kwa siku. Kinywa kikifanya vidonda hata hawezi kula. Viganja au nyayo zikimwuma hata hawezi kazi yake. Kifua kikimbana: asimeze kidonge kingine, na hospitali ipigiwe simu siku ile ile. Kusimama siku chache kwa amri ya mganga si kupoteza dawa. Mara nyingi hupunguziwa kipimo, naye huendelea vema. Hospitali ikiwa mbali, aende zahanati iliyo karibu, achukue pakiti mkononi, aseme wazi, Nanywa dawa ya saratani. Maana asiposema, atapewa chumvi ya kuhara na kuambiwa arudi nyumbani, na vidonge ataendelea navyo.

Zaidi ya yote angalieni majuma ya kwanza. Wako watu wachache waliozaliwa na miili isiyoweza kuivunja dawa hii; ndani yao hujaa kama maji katika mtungi usio na tundu, na vidonge vya siku chache huweza kuwaua. Kwa kuwatazama hawatambulikani. Tangu mwaka 2020 wakubwa wa mambo ya dawa katika Ulaya hushauri wagonjwa wapimwe kwanza kwa ajili ya jambo hili. Mgonjwa na amwulize mganga wake kama kipimo hicho chapatikana. Kisipopatikana, macho ya jamaa ndiyo kipimo.

Habari ya homa. Sisi tukisikia homa twasema malaria, twanywa dawa, twangoja siku mbili tatu. Kwa mtu anywaye dawa hii kungoja ni hatari kubwa, maana huenda askari wa damu yake wamepungua, na kijidudu kidogo tu chaweza kumshinda. Nyumba yake iwe na kipima joto. Kikionyesha 38 au zaidi, aache vidonge, apelekwe siku ile ile, hata kama ni usiku. Malaria itapimwa huko huko. Wala asinyweshwe parasetamoli kwanza kabla joto halijapimwa, kwa kuwa huificha homa, na mganga akadanganyika.

Viganja na nyayo vyataka maneno machache zaidi, kwa sababu watu wetu ni wakulima. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwetu sisi weusi mara nyingi huzidi weusi kwanza, kisha huwasha, huchoma, hupasuka na kuchunika. Jembe, mchi, maji ya moto na viatu vya kubana huongeza mabaya. Mgonjwa na apake mafuta mazito yasiyo na manukato, na jembe lishikwe na mwingine kwa muda.

Na kuna jambo la ajabu: ngozi ikichunika hivyo, alama za vidole huweza kufutika. Mwaka 2009 waganga wa Singapore waliandika habari za mtu wao mmoja aliyeinywa kapesitabini. Alipofika Marekani kuwatembelea jamaa zake alizuiliwa saa nne, kwa kuwa vidole vyake havikuonyesha alama yo yote. Sisi tusioruka kwenda Marekani tusicheke. Siku hizi vidole vyatakiwa katika kusajili laini ya simu na katika kazi nyingine nyingi. Mgonjwa na amwombe mganga barua ieleze dawa anywayo, na wazee wa ofisi waipokee barua ile kwa heshima.

Mganga aambiwe dawa zote nyingine zilizomo nyumbani. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huzidishwa nguvu mno hata mtu akatoka damu. Fenitoini ya kifafa nayo hupanda katika damu. Hata vile vidonge vya kuongeza damu wapewavyo wajawazito, vyenye asidi ya foliki, huongeza ukali wa dawa hii. Mtu asiviokote kwa jirani kwa sababu ajiona mnyonge. Dawa za mitishamba nazo zitajwe. Najua wengi huona haya kuzitaja mbele ya waganga wa hospitali, lakini kuficha kwamdhuru mgonjwa, hakumdhuru mganga.

Anayemsaidia mgonjwa asivishike vidonge kwa mkono mtupu. Avae glovu, kisha anawe kwa sabuni. Visitwangwe wala kuvunjwa, maana vumbi lake huingia katika pua za wengine, na mwenye mimba hasa akae mbali nalo. Visiwekwe jikoni wala mahali mtoto afikapo. Matapishi na haja za mgonjwa zisafishwe kwa glovu, katika siku za dawa na siku mbili baada yake, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Lakini kula naye sinia moja, kumshika mkono na kumpakata mtoto wake hakuna dhara, wala asitengwe. Habari ya uzazi nasema bila kuficha: dawa hii huharibu mimba. Mwanamke ajilinde asichukue mimba muda wa dawa na miezi 6 baada yake, na mwanamume ajilinde asimpe mtu mimba muda huo na miezi 3 baada yake. Anyonyeshaye aache mpaka zipite wiki 2 tangu kidonge cha mwisho.

Neno moja limebaki, nalo ni zito. Pengine mwenye pakiti hufa, na vidonge vimebaki. Wafiwa huona ni hasara kutupa kitu cha thamani, wakampa mgonjwa wa nyumba nyingine kwa huruma. Nimekwisha kusema kwamba dawa hii hukatwa kama nguo. Wala visitupwe chooni, wala visichomwe pamoja na takataka za uani. Vifungwe katika mfuko, na yule aendaye hospitali kuchukua karatasi za marehemu avichukue, avikabidhi katika chumba cha dawa.