Daraja la Barabara ni Kazi Yake

 

Wahitimu wa upimaji na uchoraji ramani, nina ombi moja. Tangu OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ilipoanzishwa mwaka 2004, yeyote mwenye intaneti anaweza kuchora barabara ya kwao na dunia nzima ikaiona. Uhuru huo unadai makubaliano. Tunaposema barabara hii ni kuu na ile ni ya mtaa, tuwe na kipimo kimoja kilichoandikwa.

Kipimo hicho kisiwe lami. Tazameni uwanda wa Kano hapa Kenya. Mchoraji aliye mbali huona ukanda wa udongo kwenye picha ya setilaiti, akauandika kuwa njia ya shamba. Mkazi anajua kwamba ndio unaowafikisha wagonjwa Ahero. Programu za kuelekeza madereva hutegemea daraja la barabara, yaani kama ni kuu au ya mtaa, katika kuchagua njia. Likishushwa mno, kijiji hurukwa, hata siku Mto Nyando unapofurika na msaada unatafuta pa kupita. Likipandishwa kwa mapenzi ya kwetu, lori hukwama kwenye udongo mweusi.

Basi tenganisheni mambo mawili. Daraja lieleze kazi: barabara inaunganisha wapi na wapi, na nani anaitegemea. Hali yake, iwe lami, murram au udongo, na kama inapitika wakati wa mvua, iandikwe mahali pake. Serikali nayo ina mgawanyo wake: Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Anzieni hapo, kisha waulizeni watumiaji: mama anayefuata samaki Dunga alfajiri, na mwendesha boda boda wa Nyalenda.

Mkitofautiana, msifutiane kazi usiku. Kaeni pamoja, mrekebishe maelezo hadharani, kila mchoraji ajue kilichobadilika na sababu yake.

Msiipe barabara yoyote daraja msiloweza kumweleza anayeipita kila siku. Nendeni mkaichore nchi hii kwa haki.