Kiota Kilichokataliwa

 

Leo nataka tumtazame ndege. Mwandishi wa Zaburi ya 84 aliwaona ndege wakijipatia makao karibu na madhabahu ya Mungu, naye akawaonea wivu. Mimi nami ninao majirani wa namna hiyo. Nyuma ya nyumba yangu, kando ya kijito, uko mti wa miiba ulioinamia maji. Mvua za masika zianzapo, mti huo hujaa kwera, wale ndege wa manjano wenye uso mweusi, ambao wengine huwaita mnana. Kelele zao huanza kabla ya kengele ya kanisa.

Mtazameni dume akijenga. Huuma ukingo wa jani refu la nyasi, kisha huruka akiwa ameushika, na jani huchanika likatoa uzi. Uzi huo huufunga kwenye ncha ya tawi jembamba, mahali ambapo nyoka hapiti kwa urahisi. Kwanza hufuma pete. Kisha husimama ndani ya pete ile, naye hufuma chumba mbele yake na mlango nyuma yake, kadiri mdomo wake unavyofika. Hana gundi wala msumari. Ana mdomo na miguu tu.

Kazi ikiisha, huning'inia chini ya mlango akipiga mabawa na kuita, ili jike aje. Jike huja, lakini hakai mlangoni kama mgeni mwenye haya. Huingia ndani, akavuta nyuzi kwa mdomo kuona kama zinashika. Akiridhika, hutandika nyasi laini na manyoya. Asiporidhika, huenda zake.

Na dume hufanya nini? Nicholas Collias na mkewe Elsie, wataalamu wa Marekani waliowachunguza kwera kwa miaka mingi na kutoa kitabu juu ya viota mwaka 1984, walieleza kwamba majike hupenda kiota kingali kibichi. Kiota kikikaa kama juma moja bila kukubaliwa, hukauka na kugeuka rangi ya kahawia. Hapo dume hukifumua mwenyewe, uzi kwa uzi, hata tawi likabaki tupu. Kisha hurudi nyasini, akaanza tena. Na madume machanga hujenga vibaya mwanzoni. Hujifunza kwa kujenga.

Si kwera peke yake. Huko Uingereza yuko ndege mdogo wa kahawia, mkia wake umesimama, aitwaye wren. Dume wake hujenga viota kadhaa, vitano au zaidi, na jike huchagua kimoja tu. Vingine hubaki bila mayai.

Wapendwa, sasa niwaambieni jambo linalonihusu mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nasimamia ujenzi wa kanisa katika mtaa mmoja wa Ruiru, mahali palipokuwa shamba la kahawa na sasa pana nyumba za ghorofa. Watu walikuwa wakihamia kila mwezi, nasi tuliabudu chini ya mabati. Nilikaa na fundi, tukachora ramani. Nilikesha nayo usiku mwingi, na kwa kweli niliipenda.

Jumapili moja baada ya ibada niliitandaza mbele ya washirika. Mama mmoja akasimama, akauliza, "Mchungaji, watoto watakaa wapi?" Nilikuwa nimeweka mimbari pana, mahali pa kwaya na ofisi ya mchungaji. Shule ya Jumapili, ambayo watoto wake walikuwa wengi kuliko watu wazima, sikuiwekea hata chumba kimoja. Mzee mwingine akauliza, asiyeweza kupanda ngazi ataingia kwa mlango gani? Kikao kikaisha. Ramani ikakataliwa.

Mbele ya watu nilisema, "Asanteni." Moyoni nilijaa uchungu. Majuma matatu mfululizo nilihubiri juu ya upendo, na majuma hayo matatu sikumpa yule mama mkono mlangoni mwa kanisa. Usiku mmoja nilimwandikia askofu barua ya kuomba uhamisho, nikaiweka mezani ili niipeleke Jumatatu.

Mke wangu aliiona. Hakusema neno. Asubuhi aliniita dirishani. Dume mmoja wa kwera alikuwa akifumua kiota chake, na vipande vikavu vilikuwa vikianguka majini. Nikasema, "Maskini, kazi yote ile!" Mke wangu akanijibu, "Baba watoto, mbona yeye hajahama mti?"

Sikuwa na jibu. Kisha akasema kwa upole, "Waliikataa ramani. Hawakukukataa wewe."

Barua ile niliitia motoni. Jioni nilikwenda kwa yule mama, nikamwomba msamaha. Alinikaribisha chai, kisha akaleta daftari. Ndani yake alikuwa ameandika hesabu ya watoto wa kila darasa, tangu Januari. Alikuwa anangoja nimwulize.

Wasikilizaji, sisemi kwamba kila anayekukataa ana haki. Yuko anayenisikia asubuhi hii ambaye amefukuzwa kazi kiwandani bila kosa. Yuko kijana ambaye mchumba amemrudishia pete. Yuko mzazi ambaye mwanawe hataki tena kuingia nyumbani kwake. Uchungu wako ni wa kweli, wala sitaki kuufunika kwa maneno ya haraka. Nakuuliza tu hivi: je, kilichokataliwa ni wewe, au ni kazi ya mikono yako? Na kama ni kazi, je, uko tayari kuifumua?

Mungu alimtuma Yeremia nyumbani kwa mfinyanzi. Tunasoma katika sura ya 18. Chungu kiliharibika, naye mfinyanzi hakuutupa udongo. Aliufinyanga tena, akafanya kingine kilichompendeza. Hapa Mungu amempita kwera. Kwera huziacha nyasi kuukuu majini akatafuta mpya. Mungu hututengeneza upya sisi hawa hawa, pamoja na kiburi chetu na makosa yetu ya jana.

Kanisa lile halijaisha. Kuta zimefika kwenye linta. Lakini vyumba vya watoto tuliviezeka kwanza, na mlango wa pembeni hauna ngazi.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyewapa ndege makao, utupe moyo wa kusikia tunapoambiwa kwamba tumekosea. Mtie nguvu yeye aliyekataliwa leo. Utufundishe kufumua bila hasira na kuanza tena bila aibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.