Kupanga masomo ya redio na filamu

Leo tunasema na wewe kijana wa Kasongo au Kabambare mwenye diploma ya Dola (diplôme d'État) unayetaka kusomea utangazaji au filamu, pengine UNISIC kule Kinshasa, chuo kilichokuwa kikiitwa IFASIC. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), lisansi ni miaka 3: semesta 6, kila moja kredi 30, jumla 180. Kredi hizo si za darasani tu. Kazi yako binafsi nayo imo ndani.

Kwa hiyo vitendo vianze mapema. Chagua mada ya karibu: wazee wa Kasongo wanaosimulia enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, au wakulima wa Kabambare. Omba ruhusa kwanza. Rekodi asubuhi, kabla pikipiki hazijajaa barabarani, wala usikae chini ya bati mvua ikinyesha. Kelele ile ni vigumu kuiondoa vizuri baadaye. Picha yenye giza watu huivumilia, lakini yenye sauti mbovu huizima. Kuhariri dakika 5 kunaweza kula siku nzima, na umeme ukikatika, zaidi. Siku hiyo iandike kwenye kalenda yako tangu semesta inapoanza.