Kosa la Karakana au Jeraha la Mitaani? Heller 20 za Tabora, 1916

Heller 20 za Tabora zilipigwa mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati Afrika Mashariki ya Wajerumani ilipokuwa imezingirwa baharini na sarafu kutoka Ujerumani zilikuwa hazifiki tena. Habari za vita vyenyewe zimeandikwa vya kutosha. Lililopuuzwa ni swali la mezani: sarafu ya Tabora yenye dosari ikiwekwa chini ya lenzi, dosari hiyo imetoka karakanani au sarafu imeipata baadaye mikononi mwa watu?

Jibu la wauzaji wengi ni jepesi mno. Hudai kwamba mitambo ilikuwa ya kubahatisha na mihuri ilichongwa kwa mkono, kwa hiyo kila dosari ihesabiwe kosa la upigaji. Hoja hii huanza na ukweli ikaishia pabaya. Ubovu wa mitambo unaeleza kwa nini makosa ni mengi. Hauthibitishi kwamba dosari hii iliyopo mezani ni mojawapo. Tena karakana mbovu nayo ina utaratibu: kibamba, yaani kipande cha madini kisichopigwa bado, hukatwa, mihuri miwili huandaliwa, kisha pigo hushuka. Kosa la kweli lazima liwe na mahali pake katika hatua hizo. Lisilo na mahali limetokea nje.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno HELLER lenyewe. Kwenye baadhi ya sarafu ncha za herufi L zimechongoka, kwenye nyingine zimejikunja; taji nalo lina umbo kubwa na umbo dogo. Asiyejua angesema L iliyojikunja imegongwa. Lakini mkunjo huo hujirudia katika sarafu nyingi, mahali palepale, na uwanda unaouzunguka haukuguswa. Nyundo ya mtaani haiwezi kurudia pigo lake kwa usahihi huo. Kinachojirudia ni cha muhuri, na herufi mbili za L zinalithibitisha hilo kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Dosari isiyojirudia, au isiyojulikana kama inajirudia, huamuliwa kwa jinsi madini yalivyosogea. Muhuri ukipasuka, madini hujaa ufa, na sarafu hutoka na mstari uliotuna. Mkwaruzo huchimba, na madini yaliyosukumwa husimama kama matuta pembeni mwa mfereji. Wapinzani hukumbusha kwamba uzi au kipande cha chuma kikinaswa chini ya muhuri huacha alama iliyozama, nayo ni kosa halali. Ni kweli, lakini alama hiyo haina matuta, kwa kuwa pigo lenyewe limebana kila kitu kwa pamoja. Kanuni inabaki: matuta ni ushahidi wa jeraha.

Pengo la ukingoni hupimwa vivyo hivyo. Kibamba kilichokatwa vibaya kabla ya pigo huyaacha madini yatiririke kuelekea pengoni, hivyo herufi za jirani hufifia au kurefuka. Tupa hukata herufi katikati, zikabaki kali. Taji lililofifia kwa pigo dhaifu huonyesha ngozi ya kibamba yenye mikwaruzo yake ya awali. Lililosagika kwa matumizi ni laini na limepungua kwanza sehemu za juu. Tundu la kuvalia shingoni halihitaji mjadala.

Uzito hausaidii sana hapa. Senti ya Marekani ya 1943 ya chuma ina gramu 2.7, na ile adimu ya shaba gramu 3.11, basi mizani hutosha kuzitenganisha. Lakini vibamba vya Tabora vilitofautiana unene, na mizani peke yake haihukumu.

Rangi ni mtego mkubwa zaidi. Heller 20 zilitolewa kwa shaba ya manjano na kwa shaba nyekundu, na asidi au udongo huweza kuondoa zinki usoni mwa shaba ya manjano ikabaki nyekundu. Sarafu ya namna hiyo haikubadilika karakanani. Densiti hutoa jibu: shaba nyekundu ni takriban gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo, ya manjano takriban 8.5.

Basi uchunguzi uanze na kujirudia, uende kwenye mwendo wa madini, na umalizie na densiti pale rangi inapobishaniwa. Sarafu ambayo dosari yake haikupita vipimo hivi ni sarafu halali ya Tabora iliyoharibika, wala haistahili bei ya kosa la upigaji.