Kitabu kilichomuudhi mfalme
James wa Kwanza wa Uingereza alidai kwamba kiti chake kapewa na Mungu mwenyewe, hana wa kumhoji. Mwaka 1613 Mjesuiti wa Hispania, Francisco Suárez, akamjibu kwa kitabu: mamlaka yatoka kwa Mungu, naam, lakini hupitia kwa watu, na wao ndio wanaomkabidhi mfalme. James akaamuru kitabu kichomwe London. Mwaka uliofuata kikachomwa Paris pia, mji wa Wakatoliki huo!

Kanisa Katoliki lenyewe halikuwa na sauti moja. Baadaye Askofu Bossuet, mwalimu wa mwana wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alifundisha kwamba mfalme humjibu Mungu tu. Suárez naye, tusimpambe mno, alikuwa akitetea pia uwezo wa Papa wa kumng'oa mfalme mzushi.