Kipimo Mkononi mwa Mgonjwa



Aliyewekewa valvu ya chuma moyoni humeza warfarini maisha yake yote. Dawa hii iliingia sokoni mwaka 1948 ikiwa sumu ya panya, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, na kwa valvu za chuma bado haijapata mrithi. Dabigatrani, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ilijaribiwa, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu madonge ya damu yalizidi, na kuvuja damu pia. Kwetu Afrika Mashariki, ambako homa ya baridi yabisi ingali ikiharibu valvu za vijana, warfarini itakuwa nasi kwa muda mrefu.

Shida yake ni kwamba inataka kulengwa. Kipimo chake, INR, kinachoonyesha jinsi damu inavyochelewa kuganda, huwa karibu 1 kwa mtu asiyetumia dawa. Mwenye valvu ya chuma ya mitrali kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, donge laweza kufika ubongoni likaleta kiharusi. Ikipanda mno, damu huvuja. Nayo husogezwa na mambo madogo: kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, hivyo huishusha, metronidazoli ya kutibu tumbo huipandisha ndani ya siku chache. (Mboga haikatazwi, jamani. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kilekile.) Kliniki ya mwezi ujao itakuta yameshatokea.

Mashine ya kupimia INR nyumbani hutumia tone la damu ya kidoleni kwenye stripu, na jibu hutoka kwa dakika moja hivi. Je, inasaidia? Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 2,922: wapo waliopima nyumbani kila wiki, wapo waliopimwa kliniki kila mwezi. Viharusi, uvujaji mkubwa wa damu na vifo havikutofautiana sana. Wauza mashine hawaupendi utafiti huo. Ila pale mgonjwa alipima tu. Dozi ilipangwa na kliniki. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yenye majaribio 28, yalikuta kwamba waliofundishwa kujipangia dozi walipata madonge pungufu kwa takriban nusu, na vifo vyao vilipungua. Uvujaji mkubwa haukupungua.

Kwangu mimi, tiba hapo ni somo kuliko mashine. Mgonjwa aliyefundika akiona 2.1 hamezi vidonge mara mbili usiku ule. Anajiuliza kama alisahau dozi, kwani namba ya leo imetokana na vidonge vya siku zilizopita. Anaongeza kidogo jumla ya wiki kwa jedwali alilopewa, anaandika daftarini, anapima tena wiki ijayo. Akiona 6, anampigia daktari mara moja.

Hilo linafundishika, hata kwa aliyeishia darasa la saba. Wenzetu wa bima mlioko ukumbini, mkikaa kupanga kitita kijacho, pamoja na bei ya stripu wekeni pia malipo ya muuguzi atakayefundisha.